Kalulu Naye Yumo Pichani

Picha zinazojulikana sana za Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti aliyesafiri Afrika kumtafuta mmisionari David Livingstone, zile anazoonekana amesimama na mtoto Mwafrika, hazikupigwa Ujiji, walikokutana, wala Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo. Zilipigwa London mwaka 1872, katika studio ya kampuni ya London Stereoscopic, miezi kadhaa baada ya Stanley kuonana na Livingstone. Amevaa mavazi ya safari, kofia ngumu ya jua na buti ndefu, kana kwamba ametoka porini asubuhi ile. Mtoto aliye kando yake ni Kalulu, ambaye jina lake la awali lilikuwa Ndugu M'Hali, na ambaye Stanley alipewa na mfanyabiashara Mwarabu huko Unyanyembe, kama mtu anavyopewa zawadi.

Biashara ya picha hizo ilikuwa kubwa. Tangu Mfaransa Disdéri aliposajili mwaka 1854 njia ya kupiga picha kadhaa ndogo juu ya kioo kimoja, nakala ziliweza kutolewa kwa wingi na kubandikwa kwenye kadi zinazoenea kiganjani. Katika miaka ya 1860 Waingereza walizinunua madukani na kuzipanga katika albamu za sebuleni, malkia akikaa karibu na shangazi wa nyumba hiyo. Hivyo msafiri aliyesomwa gazetini akapata sura, na sura ikamfikisha hata kwa asiyesoma gazeti.

Sibishi kwamba Stanley alisafiri kweli na kwa taabu. Ninachokikataa ni ushujaa uliopangwa studioni, mahali ambapo mtu alitakiwa kutulia tuli kwa sekunde kadhaa, mara nyingi kichwa kikishikiliwa na chuma kilichofichwa nyuma yake. Wapagazi, askari na wakalimani waliouwezesha msafara hawamo. Waafrika wote wamewakilishwa na mtoto mmoja, naye amewekwa hapo kama pambo la kuthibitisha kwamba bwana alifika Afrika.

Inaniuma kuona picha hizo zikichapishwa hadi leo kwa maelezo ya "Stanley na mtumishi wake". Tuandike Kalulu, na tuandike London. Mtoto huyo alisomeshwa Uingereza, akahudhuria mazishi ya Livingstone mwaka 1874, kisha akarudi Afrika katika msafara mwingine wa Stanley. Mwaka 1877 alizama katika mto Kongo, na Stanley akayaita maporomoko yaliyomchukua mtoto huyo kwa jina la Kalulu.