Breki Zipo, Ila Upige Hodi Kwanza

Eti, "Breki zipo lakini?"

Mtu nimemkuta anatembea juani, nimemsimamishia gari bure, nimeshuka nikamfungulia mlango kwa nje maana ule wa upande wake kwa ndani haufunguki, amekaa, amejiweka sawa, ndipo ananiuliza. Tena anauliza gari likiwa limesimama. Sasa lilisimama kwa nini, kwa dua?

Nikamjibu kwa upole wa mtu mzima: zipo. Na sikumdanganya. Ila si breki za kuvamiavamia, ni breki zenye adabu zake, lazima upige hodi. Hodi ya kwanza kimya, pedeli inashuka mpaka kwenye zulia kama mguu uliokosa ngazi gizani. Ya pili, unasikia kama kuna mtu anajikohoza huko ndani. Ya tatu, karibu, gari linasimama. Mimi na pikapu yangu tumeshazoeana, naanza kupiga hodi mapema. Ila yeye safari nzima alikuwa anakanyaga breki ya upande wake, ambayo haipo. Aliposhuka alinishukuru kama mtu aliyeruhusiwa kutoka wodini.

Kilichoniuma si swali. Kilichoniuma ni kwamba Jumamosi yote, nasema yote, nilikuwa uvunguni mwa gari hilohilo nikitengeneza breki hizohizo.

Fundi wa kwanza nilishamwonyesha. Akasema ni kawaida ya magari ya zamani, uzoee tu. Halafu nikamwambia apande nimfikishe anakokwenda, akasema anapenda kutembea.

Basi nikajifunga kibwebwe mwenyewe. Nikafungua dramu za nyuma, nikakuta sili ya ekseli (mpira unaozuia oili isivuje) imechoka na oili ya difu, yale magia ya ekseli ya nyuma, imelowesha shuu zote za upande wa kulia, yaani vile vipande vinavyobana dramu gari lisimame. Mpita njia akanishauri nizichome moto zikauke, nizirudishe. Nilimwangalia tu. Shuu iliyokunywa oili imekufa, hata uikaange, na ukibadilisha upande mmoja peke yake gari litavuta pembeni kama punda aliyeona nyasi. Nikabadilisha sili, nikaweka shuu mpya pande zote mbili. Kosa langu nilifungua dramu zote mbili kwa mkupuo mmoja, sikuacha upande mmoja wa kutazamia, kwa hiyo springi zilipobaki mkononi nilikaa nazo kama mtu aliyegawiwa karata za mchezo asioujua. Tuyaache hayo.

Shida ilianza kwenye kutoa upepo.

Kazi yenyewe haina uchawi. Mafuta ya breki hayabanwi, upepo unabanwa, kwa hiyo ukiingia kwenye mabomba, ukikanyaga unabana upepo wala si breki. Mmoja anakaa kwenye usukani, mwingine yuko chini na spana namba kumi na kimpira kilichotumbukizwa kwenye chupa. Wa juu anapampu, anashikilia. Wa chini analegeza kijinati cha kutolea upepo, mafuta yanatoka na mapovu yake, anakaza. NDIPO wa juu anaachia. Herufi kubwa nimeziweka makusudi. Wa juu akiachia kabla wa chini hajakaza, pedeli ikipanda inavuta upepo mpya ndani, mnarudi mlikotoka.

Wa juu alikuwa shemeji.

Shemeji ni mtu mwema. Ana mguu wa kulia mzima kabisa, sina neno na mguu. Tukaanza na tairi lililo mbali zaidi na masta silinda, ile pampu kuu ya breki, kama inavyotakiwa.

"Pampu!"

"Napampu."

"Shikilia!"

"Nimeshikilia."

Nikalegeza. Mapovu yakafoka kwenye chupa, pfuu, raha tupu. Mara juu nasikia, "Shemeji! Shemeji, inazama!" Na mguu huo akautoa.

Nikamweleza kwamba pedeli lazima izame nikilegeza, ndiyo kazi yenyewe, aisindikize mpaka chini asiiogope. Akasema, "Ungeniambia mapema, mimi nilidhani nimeharibu gari ya watu." Sawa. Mara ya pili nikauliza, "Tayari?" Akajibu, "Tayari." Nikalegeza, hakuna kitu, ila kijinati kinavuta hewa kama mtoto anayenyonya. Kumbe tayari yangu ni kwamba umeshakanyaga, tayari yake ni kwamba ameshaachia. Mara ya tatu nikajisahau nikasema "haya", nikimaanisha haya, endelea kushika. Yeye akaelewa haya, imetosha. Mpaka leo sijui nani alikuwa na haki.

Tukafanya kikao. Nilitoka uvunguni, mgongo una ramani ya mchanga, tukakubaliana maneno matatu tu: pampu, shika, achia. Asitii neno jingine lolote, hata nikipiga kelele nimeumwa na nge.

Ikaenda vizuri. Tairi la kwanza likaisha. La pili tuko katikati, nati iko wazi, mafuta yanashuka masafi, nimeanza hata kuimba. Akatokea jirani, mtu wa kheri naye, akachuchumaa, akaona boksi langu la spana limekaa mbali, akalikamata alisogeze. Ndani yake nilikuwa nimepanga vipande vya springi za zamani kwa mpangilio wa kitaalamu.

Nikapiga kelele: "Achia!"

Jirani hakuachia. Shemeji akaachia.

Sikumlaumu. Alitii mkataba neno kwa neno. Nililaza kichwa changu mchangani nikaangalia shasi kwa muda, nikaona kuna sehemu inaanza kula kutu ambayo sikuwahi kuiona.

Jirani kwa kujuta akaniletea zawadi: chupa ya mafuta ya breki, nusu, imekaa bila kifuniko tangu siku nyingi. Hiyo niliikataa kwa heshima. Mafuta ya breki yanakunywa unyevu hewani. DOT 3, daraja mojawapo la mafuta hayo, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, ikishanywa maji inaruhusiwa kushuka mpaka 140. Sasa wewe shuka mlima mrefu na mzigo, breki zimepata moto, mafuta yachemke, ukanyage mvuke. Hapo hata hodi kumi hazifunguliwi mlango.

Wakati natoa somo hilo, shemeji ndiye alikuwa na dhamana ya kikopo cha mafuta kule kwenye injini.

"Yapo?"

"Yapo!"

Tairi la tatu. "Yapo?" "Yapo!" Tairi la nne, kimpira kikaanza kukohoa hewa tupu. Nikatoka mbio kuchungulia. Kikopo kikavu. Nikamwuliza yako wapi sasa. Akanionyesha chupa: "Si haya hapa? Yapo." Na chupa yenyewe alikuwa ameiegesha juu ya boneti, imevuja chini, na mafuta ya breki na rangi ya gari hayakai nyumba moja. Tulimwaga maji mbio lakini duara limebaki, zuri, kama pete. Rangi pekee iliyokuwa nzima kwenye gari lile ilikuwa hapo.

Tukaanza upya tairi zote nne. Jua likazama. Pedeli ikapanda, ikawa ngumu kidogo, shemeji akashuka anachechemea, akasema kwa mguu huu asiitwe tena hivi karibuni.

Halafu usiku, nimelala, nikafumbua macho. Kile kivalvu! Pikapu nyingi za zamani zina valvu pale kwenye shasi karibu na ekseli ya nyuma, ina fimbo inayopima gari limebeba kiasi gani ili breki za nyuma zipewe nguvu kulingana na mzigo. Yangu ina kijinati chake cha kutolea upepo. Sikukigusa! Tairi nne nimezizunguka mara mbili, na upepo umejikalia pale juu, umekunja nne, unanisikiliza nikisema pampu shika achia.

Nimempigia shemeji. Akauliza, "Kwani kuna tairi la tano?" Nikamwambia si tairi, ni valvu. Akanyamaza, kisha akasema mtandao unasumbua, hanisikii. Nilikuwa nasikia mpaka redio ya kwake.

Kwa hiyo gari limeegeshwa, limewekewa jiwe mbele na jiwe nyuma, maana breki ya mkono tusiizungumzie. Na yule abiria wangu kasahau kofia yake kwenye kiti. Nzuri tu, ya ukindu. Nitamrudishia abiria huyo, shemeji akishapona mguu tukamalizia valvu, na wala sitahitaji kubisha hodi kwake: ile honi yangu inalia yenyewe nikikata kona ya kushoto, na kwake ni kushoto, kisha kushoto tena.