Usisumbukie Kesho: Neno la Usharika Mzima

Mahubiri ya Mathayo 6, pale Yesu anapotuambia tusisumbukie kesho, yakimalizika, ndege wa angani wakishatajwa na maua ya kondeni yakishasifiwa, waumini hutoka na mawazo mawili. Wapo wanaosema tumwachie Bwana. Wapo pia wanaojiuliza kimoyomoyo maneno yale yanamsaidia nini mwenye madeni, au mama ambaye mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Siku hizi hawa wa pili wameanza kusema kwa sauti: kumwambia mtu asisumbuke ni kumlea katika uvivu, au vibaya zaidi, ni kumziba mdomo maskini.

Hoja yao ina uzito, na Biblia yenyewe inawaunga mkono. Yupo chungu wa Mithali anayekusanya chakula wakati wa mavuno. Yupo Yusufu, aliyemshauri Farao atenge sehemu ya tano ya mazao katika miaka 7 ya shibe. Paulo alifanya kazi ya kushona mahema Korintho, na aliwaandikia Wathesalonike kwamba asiyetaka kufanya kazi, na asile. Ongeza hapo wahubiri wanaoahidi utajiri kwa kila atakayetoa sadaka nono, nawe utaelewa kwa nini watu wenye busara hushtuka imani ikitajwa karibu na fedha. Wahubiri hao wameliumiza kanisa, wala sina la kuwatetea.

Hata hivyo, naona fundisho lenyewe limesomwa nusu. Katika Luka 12 Yesu anawaambia wanafunzi wawatazame kunguru, wasiopanda wala kuvuna wala kuwa na ghala. Mistari michache baadaye, akiwa bado katika jambo lilelile, anawaambia wauze walivyo navyo watoe sadaka. Na kabla ya kunguru amesimulia habari za tajiri aliyetaka kuvunja ghala zake ajenge kubwa zaidi. Msikilize yule tajiri. Anajiuliza mwenyewe, anajijibu mwenyewe, kisha anaiambia nafsi yake ipumzike, ile, inywe, ifurahi. Katika maneno yake yote hamna mke, hamna jirani, hamna hata kibarua aliyemvunia. Kupanga alipanga, tena vizuri, ila alipanga kana kwamba duniani yuko peke yake. Na mwenye wasiwasi, hata kama hana senti, hufungiwa mahali hapohapo: usiku kucha anapiga hesabu ambazo hakuna mwingine anayeziona. Ndiyo maana onyo kwa tajiri na faraja kwa mwenye hofu vinatoka katika mazungumzo yaleyale.

Mwaka 251 hivi, Kornelio, askofu wa Roma, alimwandikia askofu mwenzake wa Antiokia barua ambayo sehemu yake imehifadhiwa na Eusebio katika historia yake ya kanisa. Anawahesabu watumishi wake: wazee 46, mashemasi 7, mashemasi wadogo 7, waakoliti (wasaidizi wa ibada) 42, na watoa pepo, wasomaji na mabawabu 52 kwa pamoja. Kisha anataja wajane na watu wenye shida zaidi ya 1,500, wote wakilishwa, anasema, kwa neema na fadhili za Bwana.

Namba hiyo haiachi kunisumbua. Watumishi 154, wahitaji 1,500: karibu watu 10 kwa kila mtumishi. Na hili halikuwa kanisa lililostarehe. Mateso ya Kaisari Desio yalikuwa yamelipiga juzijuzi tu. Askofu Fabiano, mtangulizi wa Kornelio, aliuawa Januari 250, na kiti chake kikakaa wazi zaidi ya mwaka mmoja. Wajane wale hawakuwa na namna ya kuahirisha njaa mpaka askofu apatikane. Ni lazima palikuwa na watu waliojua nani yuko wapi na nani amepungukiwa, watu waliopokea, wakatunza, wakagawa. Mipango ilikuwapo, tena mingi. Lakini Kornelio anapoeleza chakula kimetoka wapi, anamtaja Bwana, na sioni kwamba anazidisha chumvi. Mjane aliyeambiwa na kanisa lile asisumbukie kesho alikuwa na sababu ya kuamini. Naye aliyetoa aliweza kufungua mkono kwa sababu alijua kwamba zamu yake ya kupungukiwa ikifika, hataachwa. Imani ya mmoja ilishikiliwa na imani ya mwenzake, na wote wawili walimshukuru Mungu yuleyule.

Miongo kadhaa kabla, mnamo mwaka 197, Tertuliano, mwandishi Mkristo wa Karthago huko Afrika Kaskazini, alikuwa amekwisha kueleza jinsi Wakristo wanavyotoa mara moja kwa mwezi, kila mtu apendavyo na awezavyo, bila kulazimishwa, ili kuwazika maskini, kuwatunza yatima na wazee, na kuwasaidia waliofungwa kwa ajili ya imani.

Basi wakosoaji wanapolinyooshea kidole kanisa linalohubiri kutokusumbuka huku halimjui muumini wake aliyelala njaa, nakubaliana nao neno kwa neno. Yakobo aliwatangulia, alipouliza yafaa nini kumwambia aliye uchi na mwenye njaa aende kwa amani akaote moto na kushiba, bila kumpa mahitaji ya mwili. Ninachokataa ni dawa wanayoipendekeza: kwamba tuliweke fundisho pembeni, kila mtu ajilinde kwa akiba yake. Hapo tutakuwa tumemrudia yule tajiri na ghala zake.

Linabaki swali la makanisa madogo, ambayo waumini wake wote ni wahitaji. Hayo hayana wa kumchangia mwingine, husemwa. Paulo alikutana na makanisa ya namna hiyo Makedonia, na katika 2 Wakorintho 8 anashuhudia kwamba umaskini wao mkubwa ulizaa ukarimu, hata wakamsihi awape nafasi ya kushiriki mchango wa watakatifu wa Yerusalemu. Papo hapo anawahakikishia Wakorintho kwamba hataki wengine wastarehe na wao waelemewe. Anachotaka ni usawa: ziada ya hawa ifidie upungufu wa wale leo, na siku nyingine iwe kinyume chake. Kisha anawakumbusha mana ya jangwani, ambapo aliyekusanya kingi hakuzidiwa, wala aliyekusanya kichache hakupungukiwa.