Daftari Limekaa, Mwenyewe Hayupo

Wiki mbili kabla ya mitihani, saa mbili asubuhi, maktaba za vyuo hapa Dar es Salaam huwa zimejaa. Lakini pita meza kwa meza uangalie vizuri. Kiti hiki kimekaliwa na daftari, kile na chupa ya maji, cha tatu kimetandikwa mtandio. Wenyewe wako kwenye kipindi, au wamerudi hosteli kumalizia usingizi. Mwanafunzi aliyeondoka Mbagala alfajiri na kubadili daladala mara mbili anasimama katikati ya ukumbi, kompyuta kifuani, akitafuta pa kukaa.

Naanza na kiti kwa makusudi, kwa sababu ubishi kuhusu kanuni za maktaba huwa unaanzia kwingine: begi libaki mlangoni, simu izimwe, chakula marufuku, kimya. Wanafunzi wanalalamika kwamba wanafanywa watoto wa shule ya msingi. Wakutubi wanajibu kwamba bila kanuni hizo maktaba haitamaliza mwaka. Naona wote wana hoja. Ila kanuni nyingi zilitungwa wakati kilichokuwa adimu ni kitabu. Leo kilichoadimika zaidi ni kiti, soketi na utulivu.

Tuchukue begi. Nilipokuwa mwanafunzi niliazima kitabu kimoja kati ya vile vya kusomea humo humo ndani kwa saa mbili tu, kwa kuwa nakala zilikuwa chache na darasa letu lilikuwa la mamia. Nikafungua sura ya nne. Haikuwepo. Zilibaki kingo nyembamba za karatasi kwenye mshono, zimekatwa kwa wembe, zimenyooka kama zimepigwa rula. Kabla ya siku ile nilimwona mlinzi wa mlangoni kama mtu wa kunichelewesha. Baada ya hapo nilikuwa nafungua begi mwenyewe kabla hajaniomba.

Hata hivyo, wembe hauhitaji begi. Unaingia kwenye mfuko wa shati. Na begi linaloachwa nje kwenye rafu isiyo na mtu linabeba kompyuta, nauli ya mwezi, pengine na boom yote, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu. Juu ya rafu hiyo ndipo linapobandikwa lile tangazo kwamba chuo hakitahusika na upotevu wa mali. Hapo ndipo nasimama na wanafunzi: anayekulazimisha kuacha mali yako anapaswa kuilinda. Kibao chenye namba na mhudumu mmoja aliyekaa pale vingemaliza ugomvi huu.

Kwenye chakula niko upande wa mkutubi bila kusita. Huu ni mji wa pwani, hewa yake ina unyevu mwaka mzima, na kuvu huota kwenye karatasi kwa urahisi. Mende hula gundi ya majalada, na kinachomleta mara ya kwanza ni makombo ya chapati. Maji kwenye chupa yenye kifuniko cha kukaza ni habari nyingine. Kumnyima mtu maji mwezi wa pili, viyoyozi vikiwa vimekufa, ni kumfukuza kwa njia ya mzunguko.

Simu nayo imebadilika. Kwa mwanafunzi asiye na kompyuta, simu ndiyo kitabu: desa zote, yaani notisi za kusomea, zimo humo, zimetumwa kwenye kundi la darasa. Kanuni ya kuzima simu ibadilike iwe ya kuzima mlio, na anayepokea atoke nje. Kupiga picha kitabu kizima kunagongana na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, na mkutubi akikuzuia ana haki. Lakini picha ya ukurasa mmoja wenye jedwali unalolihitaji ndiyo inayomwondolea mtu sababu ya kuja na wembe. Mavazi nayapita, sipendi kuona mkutubi akigeuzwa mpima urefu wa sketi.

Turudi kwenye kiti. Maktaba mpya ya Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa Novemba 2018, ilitangazwa kuwa na nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na vitabu 800,000. Ni jengo kubwa kweli. Ila wanafunzi wa chuo kile huhesabiwa kwa makumi ya maelfu, na vyuo vingine vingi vya jijini havina maktaba kubwa kiasi hicho. Daftari linaloshikilia nafasi toka asubuhi hadi alasiri linamnyang'anya mtu kitu halisi.

Upande wa pili upo, na niliushuhudia. Mhudumu mmoja, mama wa makamo, alikusanya daftari na kalamu kutoka kiti kilichokuwa kitupu akavipeleka kaunta. Baadaye kijana akaja mbio, uso bado una maji ya udhu.

"Shikamoo mama. Nilikwenda kuswali tu."

"Marahaba mwanangu. Ungekwenda kuswali tu ningekusubiri. Mimi nimepita hapa saa tatu, nimepita saa tano, hii saa saba. Hukuwepo."

Kijana alinyamaza. Lakini fikiria angekuwa mkweli: ameketi toka asubuhi, ametoka dakika ishirini, amerudi hana kiti. Mtu lazima aswali, ale, aende msalani. Kwa hiyo kanuni ya "usiweke nafasi" bila maelezo ni kali mno, na ndiyo maana haisimamiwi. Iandikwe kwa dakika: mhudumu aache karatasi yenye saa juu ya meza, na baada ya dakika thelathini vitu vihamishwe. Hilo linamlinda anayeswali na anayetoka Mbagala, na halimtegemei mhudumu mwenye kumbukumbu nzuri kama mama yule.

Kimya ndicho kigumu zaidi, kwa sababu kanuni yake haisimami peke yake. Wanafunzi wanasoma kwa makundi. Mmoja kaelewa, anawafundisha wanne. Ni usomaji halali, na mahali pake ni kwenye vimbweta, zile meza na mabenchi ya kusomea nje. Sasa mvua za masika zikishuka, watu wa vimbweta wanakimbilia wapi? Ndani. Wanaanza kwa kunong'ona, baada ya nusu saa ni mjadala, na anayepiga msuli peke yake pembeni anafunga vitabu anaondoka. Wote wawili wamekuja kusoma. Siwezi kumwita yeyote kati yao mkorofi. Ninachoomba vyuo vifanye kabla ya kubandika tangazo jingine la KIMYA ni kuezeka vimbweta kwa bati na kuvivutia umeme, angalau taa mbili na soketi chache.