Tanga haikuanza na Mjerumani jamani

Mwandishi wa ile habari ya historia ya mji wa Tanga, umeandika vizuri ila hapo uliposema Tanga ilianza Mjerumani alipojenga reli 1893 hapana bana. Hebu simama pale ufukweni utazame mbele, si unakiona kile kisiwa cha Toten? Sasa kile ndo kilikuwa mji, watu walikaa wakaswali wakazikana mule kabla hata ya huyo Mjerumani, na mpaka leo kuna magofu ya misikiti na makaburi ya kale. Jina lenyewe Toten ni la Kijerumani maana yake wafu, yani wenyewe walikuta makaburi ndo wakakiita hivyo.

Mi nilivushwa na mjomba kwa ngalawa miaka hiyo, tumeshuka tukakuta mizizi ya mti imekumbatia ukuta wa matumbawe na chokaa utadhani imeushika usianguke, mjomba akavua kofia akatoa salamu makaburini ndo tukaingia, kelele zangu zikaisha hapohapo. Mapicha hamna, enzi hizo simu ya kamera nani anayo!

Halafu kwenye habari mmejaza vita vya 1914 vya Waingereza na Wajerumani hapo Tanga na wale nyuki waliovamia askari, sawa ni tamu hata sisi twaipenda, lakini kisiwa kinachoonekana na kila mtu kimepewa mstari mmoja. Kwani boti mlikosa? Wavuvi wapo pale asubuhi, we nenda na maji ya kunywa na kofia, wakati wa kurudi uliza bamvua, maji yasije yakapwa yakawaacha matopeni.