Mkimbiaji, achana na hizo dambeli za kilo mbili

Wakimbiaji wengi siku hizi wameshakubali kwamba jimu nayo ina kazi yake, hilo tumelivuka. Shida ni wanachoenda kufanya wakifika huko. Mtu anakimbia vizuri tu wiki nzima, alafu anaingia jimu anabeba dambeli ya kilo mbili kila mkono, anapiga skwati arobaini bila kupumzika, anahema, jasho linamtiririka, anatoka kifua mbele eti leo kafanya mazoezi ya nguvu. Ndugu yangu, hapo hujafanya mazoezi ya nguvu, umekimbia tena, ila safari hii umekimbilia ndani.

Hebu piga hesabu. Ukikimbia unapiga hatua kama 160 mpaka 180 kwa dakika, kwa hiyo saa moja tu ni hatua elfu kumi hivi, na kila mguu ukitua unapokea mzigo wa mara mbili mpaka tatu ya uzito wako. Marudio mengi ya mzigo wa kawaida unayo tayari, tena ya kumwaga. Kitu ambacho mbio hazikupi ni ule mzigo mzito kweli kweli, ambao ukishaubeba mara tano, ile ya sita unaisikilizia kwanza. Ukinyanyua namna hiyo ubongo unajifunza kuamsha nyuzi za misuli ambazo kwenye mbio za polepole zimelala tu, na kano zinakuwa ngumu zaidi, zinarudisha nguvu vizuri mguu ukigusa chini. Matokeo yake unakimbia spidi ile ile kwa oksijeni kidogo.

Na hii sio stori ya vijiweni. Mwaka 1999 mtafiti Leena Paavolainen na wenzake kule Finland walichukua wakimbiaji, wakapunguza sehemu ya mazoezi yao ya kawaida wakaweka kuruka, spidi na vyuma, na baada ya wiki tisa muda wao wa kilomita 5 ulikuwa umeshuka, wakati uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni haujaongezeka. Yaani pumzi ni ile ile, miguu ndio imebadilika. Alafu 2008 kuna utafiti wa kina Støren kule Norway, nusu skwati nzito, seti nne za marudio manne, mara tatu kwa wiki kwa wiki nane, na wakimbiaji wale matumizi yao ya oksijeni yakawa mazuri zaidi kwa kama asilimia 5, na uzito wa mwili haukupanda. Hapo kwenye uzito soma tena, maana kila nikimwambia mkimbiaji abebe kizito jibu ni lile lile, "nitajaa misuli nishindwe kukimbia". Utajaa wapi na kilomita zote hizo? Watu wanakula na kubeba chuma miaka na miaka wanautafuta huo mwili hawaupati, wewe uupate kwa seti nne!

Kuna wanaosema vitu hivi viwili, chuma na mbio, vinapigana, na ni kweli vinapigana, ila tuangalie nani anapigwa. Mtafiti Robert Hickson mwaka 1980 aliwapa watu vyuma na mazoezi ya pumzi, yaani mbio na baiskeli, kwa pamoja, karibu kila siku, kwa wiki kumi. Nguvu zao zilipanda mpaka kwenye wiki ya sita, ya saba hivi, zikagoma, mwishoni zikaanza kushuka. Lakini pumzi yao ilipanda sawa na ya wale ambao hawakugusa chuma. Kwa hiyo aliyeumia hapo ni mbeba chuma, mkimbiaji hakupungukiwa kitu. Na ile dozi yenyewe ilikuwa ya kuua punda, mtu anayekimbia na kwenda jimu mara mbili kwa wiki hayupo kabisa kwenye hali ile.

Sasa kwenye ratiba ndio watu wanaharibu. Wengi wanapeleka chuma kwenye siku ya mapumziko au siku ya mbio nyepesi, wakiamini wanagawa mzigo. Mimi naona ndio wanaumaliza mwili, kwa sababu sasa hakuna siku hata moja miguu inapumzika, Jumanne spidi, Jumatano skwati, Alhamisi spidi tena na misuli bado inauma, maana maumivu ya chuma kilele chake ni siku moja mpaka tatu baadaye. Weka ugumu pamoja. Kama Jumanne asubuhi umepiga mbio za kasi, chuma kipige jioni siku hiyo hiyo, masaa kadhaa yakiwa yamepita na umeshakula, alafu Jumatano iwe nyepesi ya kweli. Kama huna nafasi ya kutenganisha, kimbia kwanza alafu ubebe, kwa sababu mbio ndio kipaumbele chako, na skwati ukiwa umechoka unapunguza tu kilo, wakati mbio za kasi na miguu iliyochoka ni kuzikoroga tu.

Cha kufanya wala sio kingi. Skwati, dedlifti (kunyanyua chuma kutoka sakafuni mpaka usimame), zoezi moja la mguu mmoja mmoja, basi. Kama ni mgeni wa chuma usianze na kizito, piga wiki kadhaa na kilo ndogo mpaka mgongo na magoti yaijue njia, na atakayekuangalia mkao awepo. Planki ukipenda fanya, haidhuru.

Ila vigimbi tafadhali msiviruke. Ule msuli wa ndani, uliojificha chini ya kigimbi unachokiona kwenye kioo, ndio unabeba mzigo mkubwa kuliko mwingine wowote ukikimbia, na ukinyanyua kisigino mguu ukiwa umenyooka haufanyi kazi peke yake. Kunja goti. Kaa kwenye benchi, kanyaga kipande cha ubao kwa mbele ya mguu, weka uzito juu ya goti, shusha kisigino taratibu mpaka usikie kano inavutika, tulia kidogo huko chini, usidunde, alafu panda mpaka juu kabisa kwenye kidole gumba. Mguu mmoja mmoja. Ikifika ya saba au ya nane ule mguu unaanza kutetemeka wenyewe na utashangaa, hii miguu inayokupeleka kilomita 20 inashindwaje na kitu cha kukaa. Ongeza kilo polepole, kano ni nzito kubadilika kuliko misuli.

Chakula nacho, wakimbiaji mnapenda wanga tu. Protini ya kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku inatosha, igawe kwenye milo.

Ukikaribia mashindano usiache chuma ghafla mwezi mzima kabla, nguvu inapotea bure. Punguza seti, kilo acha pale pale, na siku ya mwisho ya kubeba kizito iwe kama wiki moja au siku kumi kabla. Ile wiki yenyewe jimu usiende hata kusalimia.