Ziara ya Rege Isiyofika Mwisho wa Reli

Bango lilikaa wiki tatu kwenye ukuta wa duka la jirani yangu hapa Mwanga, Kigoma. Lilikuwa na zile rangi tatu tunazozijua, nyekundu, njano na kijani, na katikati picha ya watu wanane wameshika vyombo vyao. Chini yake maandishi makubwa: ziara ya kutambulisha albamu mpya, bendi kamili, laivu. Siku ilipofika tukalipa kiingilio, tukaingia ukumbini saa mbili usiku. Saa nne na nusu wakapanda jukwaani watu wawili. Mmoja akashika maiki, mwenzake akachomeka flashi kwenye mashine.

Bendi siitaji, kwa sababu bado naipenda na albamu ile naisikiliza mpaka leo. Nyimbo zilikuwa zilezile na mwimbaji alikuwa na sauti ileile. Watu wakacheza kidogo, kwa heshima, kisha wakaanza kutoka mmojammoja kwenda kupunga upepo nje. Kijana mmoja dereva wa bajaji aliyekaa karibu yangu akaniinamia sikioni: "Kaka, samahani, mpiga besi yuko wapi?" Sikuwa na la kumjibu. Swali lake ndilo limenikalisha hapa kuandika.

Maana yule kijana aliuliza jambo la msingi kabisa. Rege bila mpiga besi ni nyumba iliyoezekwa kabla ya kujengwa kuta. Muziki mwingi tunaouchezea huku unalikanyaga pigo la kwanza kwa nguvu, na mguu wako unajua pa kutua. Kwenye rege mpiga drams huliacha pigo la kwanza wazi, halafu anashuka kwa uzito kwenye la tatu. Gitaa la ridhim linakata katikati, fupi, kama mtu anayechanja kuni nyembamba. Kinanda kinachemka chini kwa chini. Pale palipoachwa wazi ndipo besi inapoingia na kuimba, na ndiyo unayoondoka nayo nyumbani ukiipigia mluzi. Ndugu wawili wa ukoo wa Barrett, Aston kwenye besi na Carlton kwenye drams, ndio waliokuwa mgongo wa The Wailers, bendi ya Bob Marley.

Sasa chukua wimbo huo uupige kwenye simu. Kispika cha simu hakina uwezo wa kutoa sauti nzito za chini kiasi hicho. Unabaki na gitaa linalokata, na mwimbaji, na sauti ya bati. Vijana wengi wa hapa wameijua rege kwa njia hiyo, na wameipenda hivyohivyo, nusu yake. Ndiyo maana nasema bendi ya rege ikitoa albamu halafu isiipeleke kwa watu kwa vyombo vyake, kazi imeishia njiani.

Mimi nusu ya pili niliisikia Tabora, nikiwa mwanafunzi. Ilikuwa jioni, bendi inajaribu vyombo kabla ya watu kuingia, nasi tumejibanza dirishani. Mpiga besi, mtu mwembamba aliyevaa kofia ya kufuma, akapiga noti moja tu akaiacha ijifie. Juu ya meza ya bati karibu na spika kulikuwa na chupa tupu ya soda. Chupa ikaanza kutembea. Akapiga tena, ikasogea tena, hatua kwa hatua kuelekea ukingoni, mpaka mzee mlinzi akainuka akaidaka bila kusema neno, akaiweka chini sakafuni. Nilihisi noti ile kwenye mbavu kabla haijafika masikioni. Tangu siku hiyo sijawahi kukubali mtu aniambie kwamba shoo ya flashi na shoo ya bendi ni kitu kimoja.

Najua ziara ni mateso, na haijaanza kuwa mateso leo. Mwaka 1973, Bob Marley, Peter Tosh na Bunny Wailer walipotoka na albamu yao ya kwanza chini ya kampuni ya rekodi ya Island, walizungushwa Uingereza kwenye vilabu na vyuo, kwenye baridi ambayo hawakuizoea na chakula wasichokitaka. Bunny aliporudi nyumbani akakataa kuendelea na safari ya Marekani. Nafasi yake ikachukuliwa na Joe Higgs, mtu aliyewafundisha kuimba walipokuwa vijana Trench Town, mtaa wao kule Kingston, Jamaika. Huko Marekani wakapewa nafasi ya kuwafungulia shoo bendi ya Sly and the Family Stone, na baada ya shoo chache tu wakaondolewa. Ukiitazama kwa hesabu, ile ilikuwa ziara ya hasara. Lakini ndiyo iliyowapeleka mbele ya watu.

Na kuna lile la Zimbabwe ambalo kila nikilisimulia nasisimka. Albamu ya Survival ilitoka 1979, imejaa Afrika kuanzia jaladani. Aprili 1980 Marley akaja Uwanja wa Rufaro, Harare, kwenye usiku wa uhuru, na gharama za kusafirisha vyombo alizibeba mwenyewe. Watu waliokuwa nje wakasukuma kuingia, polisi wakarusha mabomu ya machozi, moshi ukafika mpaka jukwaani. Mtu mwingine angepanda ndege kurudi kwao na asingelaumiwa. Kesho yake wakapiga tena, kwa ajili ya wananchi waliokuwa wameachwa nje. Hapo ndipo mimi ninapoipimia bendi: je, inamjali aliyebaki nje ya geti?

Joseph Hill, mwimbaji wa kundi la rege la Culture la Jamaika, alifia Berlin mwezi Agosti 2006, katikati ya ziara. Mwanawe, Kenyatta, akapanda jukwaani akazimaliza shoo zilizobaki. Sisemi wanamuziki wetu wafe barabarani, Mungu apishe mbali. Nasema tu kwamba kwa watu wa muziki huu, kwenda kwa watu kumekuwa sehemu ya kazi yenyewe sawa na kuingia studio.

Hapa kwetu rege ina wazee wake. Jah Kimbute na bendi yake ya Roots and Kulture walitangulia. Ras Inno akaja. Na Justin Kalikawe, Mungu amrehemu, alitokea Bukoba, akaimba kwa Kiswahili na kwa Kihaya, nchi nzima ikamsikiliza. Mfano wa Kalikawe naupenda zaidi kwa sababu ni mtu wa pembeni ya ziwa kama sisi, na hakusubiri rege ipewe ruhusa na Dar es Salaam.

Halafu wanamuziki wa leo, wengi wao, wakisema "ziara ya albamu" wana maana ya Dar, Arusha, pengine Mwanza, na Zanzibar kama kuna tamasha. Ukiwauliza kuhusu Kigoma, promota anajibu kabla yao: mbali. Ni kweli ni mbali, reli kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 1,200. Lakini umbali huo haukuwatisha waliotangulia. Tabora ilikuwa na Kiko Kids, ikawa na Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, bendi ambazo mpaka leo zikipigwa redioni wazee wanaongeza sauti. Shem Karenga, mtoto wa Kigoma, alipiga hapa na Lake Tanganyika Jazz kabla ya kwenda kung'ara na Tabora Jazz miaka ya 1970. Njia ya muziki ilipita kwenye reli hiihii, iliyofika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mjomba wangu aliyefanya kazi ya reli huniambia zamani ukiona boksi la drams kwenye behewa la mizigo unajua Jumamosi hakulaliki.

Wanamuziki na mapromota, tuzungumze sasa kama watu wazima, maana najua fedha ndiyo kikwazo, na watu wanane wakisafiri wanakula, wanalala, wanaumwa. Kwanza, miji hii imepangwa kwenye mstari mmoja: Dar, Morogoro, Dodoma, Tabora, Kigoma. Tangu 2024 treni ya umeme inafika Dodoma, na kutoka hapo ipo ile yetu ya siku zote. Bendi inayopiga Dodoma Ijumaa haina sababu ya kugeuza. Inashuka Tabora, inapiga, inapanda tena. Gharama ya kuja Kigoma inaonekana kubwa kwa sababu mnaipanga kama safari ya peke yake, kutoka Dar na kurudi Dar. Ipangeni kama kituo cha mwisho cha mstari, mtaona inavyopungua.

Pili, vyombo. Hakuna haja ya kubeba kila kitu. Njooni na magitaa, kinanda na nyaya zenu. Drams na ampu ya besi zipo hapa, ila mnatafuta pasipo. Zipo makanisani. Kwaya za Kigoma zina vyombo vizuri na vijana wanaojua kuvifunga. Najua mtasema kanisa gani litaazima vyombo kwa marasta. Jibu langu ni shoo ya mchana. Saa kumi jioni, uwanjani au kwenye ukumbi wa wazi, pombe haiuzwi, watoto wanaingia na wazazi wao. Si kila kanisa litakubali, lakini nimeongea na wanakwaya wawili na hakuna aliyenifukuza.

Na hapo nigusie jambo linaloniuma. Huku mama akisikia mwanawe anakwenda kwenye rege, kinachomjia kichwani ni bangi. Anamzuia mtoto, na kwa alichokiona na kusikia simlaumu. Lakini rege ni muziki unaomsemea mnyonge, unaozungumza njaa, haki, Mungu, na nchi. Ni mahubiri yenye besi. Mwaka 2018 UNESCO waliingiza rege ya Jamaika kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Yule mama akikaa mara moja kwenye kiti cha plastiki mchana kweupe akausikia wimbo mzima, maneno na vyombo, atabadili mawazo. Usiku wa saa nne na nusu hatakuja kamwe, na mnampoteza yeye na watoto wake wanne.

Tatu, watazamaji. Mnaodhani Kigoma hakuna watu, kumbukeni Julai 2021 fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ilipochezwa Uwanja wa Lake Tanganyika, Simba na Yanga. Wageni walijaa mji, na wenyeji tukajaa uwanja. Kumbukeni pia kwamba mji huu umetoa waimbaji kiasi cha kuunda kundi zima la Kigoma All Stars. Na ng'ambo ya maji kuna Kongo, juu kuna Burundi, chini kuna Zambia. Hapa Kibirizi boti zinaingia na kutoka na watu wanaozungumza Kiswahili kilekile mnachoimbia. Sisi tumezoea kuitwa mwisho wa reli, nami jina hilo nalipenda, lakini reli inapoishia ndipo maji yanapoanza.

Ila tarehe mtuulize sisi, msijipangie tu mkiwa Sinza, huko Dar. Huku mji una kalenda yake, nayo ni mwezi. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani usiku wa giza, kwa sababu ni taa zao ndizo zinazovuta samaki. Ukisimama ufukweni usiku huo utaona taa zimetapakaa majini kama mji wa pili. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifanyi kazi vizuri, wavuvi hukaa nchi kavu, wanashona nyavu, wanalipana, wanalala usiku kama watu wengine. Hizo ndizo siku za shoo. Promota aliyeleta ile shoo ya flashi aliiweka usiku wa giza totoro. Nusu ya watu wanaopenda rege kwenye mji huu walikuwa katikati ya ziwa na taa zao.

Kiingilio nacho kiwe cha bei ambayo mpakiaji mizigo bandarini anaweza kulipa bila kukopa. Hilo sina haja ya kulieleza.

Nimemwandikia meneja wa bendi moja ambayo albamu yake mpya inakaribia kutoka, nikamweleza haya yote, na siku za mbalamwezi za miezi mitatu ijayo nikamwekea. Amejibu kwa adabu kwamba watalifikiria, akauliza kama kuna mtu wa kuwapokea. Yupo. Nimekwisha ongea na yule kijana wa bajaji, naye amempata mwenzake mwenye mkokoteni wa matairi mazuri, usiotikisa vyombo. Kutoka stesheni mpaka Mwanga ni kupanda kilima, kwa hiyo tutakuwa watu wanne, wawili wa kuvuta na wawili wa kusukuma. Mpiga besi atakaa mbele na mimi.