Ghorofa la jirani limeninyang'anya jua

Jamani mimi siyo adui wa maendeleo ila hili ghorofa lililoota pembeni yangu hapa Ilala limenishinda. Nyumba yetu ni ile ya Kiswahili mnayoijua, vyumba sita, korido katikati, nyuma uani kuna jiko, bafu na choo. Ya urithi, babu aliacha. Zamani jua linaingia uani asubuhi mpaka linakuchosha, sasa hivi tunaliona saa sita likipita juu ya kichwa, kabla ya hapo limejificha nyuma ya ghorofa. Nguo zinakauka kwa kubembelezwa. Dagaa ndo usiseme, mke wangu kaacha kabisa kuwaanika.

Na wakati wanajenga walikuwa wanamwaga zege usiku, taa zinamulika kama mchana, jogoo wangu akachanganyikiwa akaanza kuwika saa tano usiku na mpaka leo hajarudi sawa.

Nikasema ngoja liishe tutapumzika. Wapi! Wameingia watu, na wote balkoni zao zinaangalia uani kwangu. Kuna dada ghorofa ya saba nikitoka bafuni na taulo ananisalimia, tena shikamoo kabisa, mi nijibu marahaba huku nashikilia fundo. AC zao zinadondosha maji juu ya bati langu usiku kucha, ti ti ti. Maji ya bomba mota yao inayavuta yote sisi tunabaki na upepo, halafu majitaka yao ndo yanakuja kwetu maana chemba ya mtaa ni ileile ya enzi za vyumba sita sita, hivi nani alipiga hiyo hesabu?

Magomeni Kota sawa, kule serikali ilivunja kota za zamani zikajengwa fleti za kaya 644, Rais Samia akazizindua Machi 2022, na wakazi walewale wakarudishwa. Huku kwetu kila kiwanja na bosi wake na dalali wake.

Sasa kituko chenyewe. Mtaani ukitaka kufunga turubai la msiba lazima uwabembeleze wahame na magari yao, na mlinzi wao anakwambia mzee msipige kelele wapangaji wanalala. Haya. Juzi kati baba mkwe wa mtu wa ghorofa ya nane akafariki. Kule juu kuni marufuku, pilau la watu wote hao unalipikia wapi, kwenye jiko la gesi? Mikeka wataitandika wapi, kwenye ngazi? Na lifti yenyewe watu sita wakiingia wanahema kwa zamu, jeneza si mpaka ulisimamishe! Basi wakashuka kwa adabu zote, shemeji samahani, jirani samahani, tunaomba uani. Msiba ukawekwa kwangu. Masufuria yangu, choo changu, jogoo wangu anawika katikati ya dua. Yule mlinzi ndo alikula sahani tatu.

Na palepale msibani dalali kaja, kavaa kanzu, nikajua kaja kuhani kumbe macho yako ukutani anapima kiwanja. Ananinong'oneza, mzee ingieni ubia na bosi, nyie mnatoa kiwanja yeye anajenga, mnapewa fleti zenu, tangu ile sheria ya 2008 mtu anapata hati ya fleti yake peke yake. Sisi warithi tuko tisa, fleti anazosema ni tatu. Sijui wengine tutaning'inia kwenye balkoni.

Mdogo wangu akasikia, macho yakamtoka, anauliza tutapata ya ngapi, yeye anataka ya juu yenye upepo. Nikamwambia we mpumbavu, tukihamia juu na sisi tukifiwa msiba tutauweka wapi? Wala hakufikiria, kanijibu si kwa mama jirani upande wa pili, yule bado hajauza.